Stesheni ya Michigan Central, Detroit: Ilijengwaje, ilikufaje, na kwa nini haikubomolewa (uchambuzi wa kisa)

Kwa nini kisa hiki

Watu wengi wakiona zile picha za zamani za Detroit, mji wa viwanda vya magari huko Marekani, lile jengo refu la mawe la stesheni ya treni ambalo halina kioo hata kimoja dirishani, wanamaliza haraka: viwanda vya magari vilianguka, mji ukaanguka, stesheni ikaanguka nao. Ni kweli lakini ni nusu tu. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu karibu milioni 1.85, haijawahi kuwa nao wengi hivyo kabla wala baada ya hapo, na miaka sita tu mbele, 1956, wenye reli walikuwa tayari wanatafuta mtu wa kuwauzia stesheni. Yaani mji bado umesimama na stesheni imeshakuwa mzigo. Kwa maoni yangu ugonjwa ulikuwemo tangu siku walipochagua kiwanja, na hilo ndo nataka tulifuatilie hapa, maana wanaojenga vitu vikubwa wanalirudia kila siku.

Majina ya watu binafsi nimeyaondoa yote: wamiliki wa kile kipindi cha kati, mkazi aliyekwenda mahakamani, mafundi. Hayabadilishi kitu. Jina la jengo nimeliacha, kulificha ni kazi bure.

Usuli: tuneli kwanza, abiria baadaye

Detroit imetenganishwa na Kanada na mto tu. Zamani treni ikifika pale ilibidi mabehewa yapakiwe kwenye kivuko yavushwe mpaka Windsor, upande wa pili, na wakati wa baridi barafu inajaa mtoni, foleni inakuwa balaa. Kampuni ya reli ya Michigan Central, ambayo ilikuwa chini ya kampuni nyingine ya reli, New York Central, ikaamua kupita chini ya mto. Tuneli ikafunguliwa 1910: walichimba mtaro kwenye sakafu ya mto, wakazamisha vipande vya mabomba makubwa ya chuma, wakaviunganisha na kuvizungushia zege. Treni zilivutwa humo na injini za umeme, kwa sababu injini ya mvuke ndani ya tuneli ndefu ingewamaliza watu kwa moshi.

Sasa shida ikaja kwamba stesheni ya zamani, ya 1884, ilikuwa karibu na katikati ya mji pale mtoni, na njia mpya ya tuneli inatokea upande wa kusini magharibi, kwa hiyo stesheni ya zamani ikawa imebaki pembeni ya reli kuu. Uamuzi wao ulikuwa wa kihandisi kabisa na ukiusoma kwenye karatasi hauna kosa: stesheni mpya ikae kwenye njia, treni iingie itoke bila kurudi kinyumenyume. Kiwanja kikapatikana Corktown, mtaa uliokaliwa mwanzo na wahamiaji wa Ireland, kama kilometa tatu kutoka katikati ya mji. Nyumba za watu zikavunjwa kupisha bustani kubwa ya mbele, Roosevelt Park, ili jengo lionekane vizuri kutoka mbali.

Na abiria je? Abiria angekuja na tramu, yale mabehewa yanayopita kwenye reli za barabarani mjini. Basi. Hakukuwa na hesabu ya paking kubwa, na wala mtu asingewalaumu, maana gari lilikuwa la matajiri. Ila angalia mwaka jengo lilipokamilika. Ni 1913 hiyo hiyo ambapo Henry Ford, mwenye kampuni ya magari ya Ford, pale Highland Park, kamji kaliko ndani ya Detroit, alianza kuunganisha gari kwenye mstari unaotembea, bei ya gari lake la Model T ikawa inashuka kila mwaka. Stesheni ilizinduliwa rasmi tarehe 4 Januari 1914, na kesho yake Ford akatangaza mshahara wa dola 5 kwa siku, ambao ndo ulianza kumpa fundi wa kawaida matumaini ya kununua gari lake mwenyewe. Kilichokuja kuua tramu na treni kilikuwa kinatengenezwa hapo hapo mjini wiki ile ile, na hakuna aliyekiona.

Jengo lenyewe

Wachoraji walikuwa kampuni mbili, Warren & Wetmore na Reed & Stem, wale wale waliochora Grand Central Terminal ya New York iliyofunguliwa mapema 1913. Mtindo ni Beaux-Arts, ule wa shule ya Paris: ulinganifu kushoto na kulia, mawe, nguzo, matao, kila kitu kinakwambia umefika mahali pa maana.

Kimsingi ni vitu viwili vimeunganishwa. Mbele kuna sehemu ya chini ya abiria, yenye matao makubwa matatu ya vioo na nguzo za mawe. Nyuma yake kuna mnara wa ofisi wa ghorofa 18, urefu karibu mita 70, na wakati ule hakukuwa na stesheni ya reli ndefu kuliko hiyo duniani. Ukilitazama kutoka bustanini unadhani ni majengo mawili ya watu wasiosalimiana: mbele hekalu la Kirumi, nyuma sanduku la ofisi. Mimi huwa nasema mbele ni pazuri na nyuma ni tamaa, na hiyo tamaa ndo ilikuja kuwagharimu baadaye, maana ghorofa 18 zinataka kupashwa joto na kutunzwa hata kama hazina mtu.

Ukiingia unakutana na ukumbi wa abiria, uliochorwa kwa kuiga mabafu ya umma ya Roma ya kale, kuta za marumaru, dari la matao zaidi ya mita 16 juu ya kichwa chako. Pembeni kuna ukumbi wa tiketi na maduka, wenye nguzo za Kidoriki, mtindo wa Wagiriki wa kale, halafu ukumbi wa kuelekea kwenye treni wenye kuta za matofali na paa la vioo lililoshikwa na fremu za kopa, na kutoka hapo unateremka kwa njia ya mteremko mpaka majukwaani. Hakuna ngazi za kupigana nazo na mizigo. Chini kabisa, chini ya reli, kulikuwa na eneo la mizigo na posta. Mpangilio huu mtu amefikiria kweli, abiria anasukumwa taratibu kutoka mlangoni mpaka behewani bila kuuliza njia.

Hilo dari nalo tusimame hapo kidogo maana ndo lilikuja kuwa moyo wa ukarabati. Limetengenezwa kwa ufundi wa Guastavino, familia iliyotoka Hispania na kuleta Marekani mbinu ya Kikatalani ya kujenga tao kwa vigae vyembamba: unapanga tabaka la vigae, unapaka saruji, unapanga tabaka la pili likikatiza viungo vya la kwanza, na la tatu, mpaka unapata ganda jembamba ambalo ni gumu ajabu na haliungui. Ukumbi ule peke yake una vigae kama 29,000. Uzuri wake ni huo, ubaya wake ni kwamba nguvu yote iko kwenye viungo, na kitu kinachoharibu viungo ni maji yanayoingia, yanaganda baridi ikija, yanatanuka, yanayeyuka, yanaingia ndani zaidi mwaka unaofuata.

Mambo yalivyokwenda

Ufunguzi haukungoja sherehe. Tarehe 26 Desemba 1913 stesheni ya zamani ikashika moto mchana, na jioni ile ile treni zikahamishiwa kwenye jengo jipya ambalo hata halikuwa limekabidhiwa vizuri. Likafanya kazi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia treni zaidi ya 200 zilikuwa zinatoka hapo kwa siku. Marais Hoover, Roosevelt na Truman walishuka hapo. Ila wenye stesheni hasa nahesabu wale wengine, maelfu ya watu Weusi kutoka majimbo ya kusini na wazungu maskini wa milimani waliokuja kutafuta kazi viwandani, na pale ndo mlango wao wa kwanza.

Halafu tramu za kufika pale zikasimamishwa 1938. Soma tena sentensi hiyo: stesheni ambayo watu walitegemewa waje na tramu, iko kilometa tatu nje ya katikati ya mji, haina paking ya maana, tramu imeondoka. Vita vya Pili viliwapa pumzi kwa sababu ya usafiri wa wanajeshi, miaka ya 1940 abiria wakawa zaidi ya 4,000 kwa siku na wafanyakazi kama 3,000 ndani ya mnara, ila vita vilipoisha tu hesabu ikarudi pale pale.

Mwaka 1956 wakaitangaza kwa dola milioni 5, hakuna mnunuzi. 1963 wakajaribu tena, hakuna. 1967 wakafunga ukumbi mkubwa wa abiria, mgahawa na maduka, milango karibu yote ikafungwa, watu wakawa wanapitia pembeni. Mwenye reli akaunganishwa na mwenzake kuwa Penn Central mwaka 1968, na 1970 kampuni hiyo ikafilisika. Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria, wakachukua treni hizo 1971, 1975 ukumbi ukafunguliwa tena na jengo likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, 1978 kukatumika zaidi ya dola milioni 1.2 za matengenezo. Treni ya mwisho iliondoka tarehe 5 Januari 1988.

Kilichofuata ni miaka 30 ya wizi na maji. Jengo likauzwa kwa mtu binafsi, halafu kwa mwingine, mfanyabiashara wa uchukuzi. Watu wa chuma chakavu wakaingia, wakang'oa kopa, shaba, marumaru, taa, saa ya ukutani, hadi mapambo ya plasta. Kopa ikiondoka paani maji yanaingia moja kwa moja. Madirisha yote yakavunjwa. Watu wa picha wakaja kutoka kila pembe ya dunia, watengeneza filamu nao wakaja, na jengo likawa ndo sura ya kushindwa kwa Detroit kwenye kila habari inayohusu uchumi wa Marekani.

Maamuzi manne na sababu zake

Kufunga ukumbi 1967 kulikuwa na maana ya kihasibu: abiria wachache, gharama kubwa ya joto, funga. Lakini walichofunga ndicho kilichokuwa kinamvuta mtu aje. Abiria aliyebaki akawa anaingia kwa mlango wa nyuma wa jengo la kifalme, na mtu akifanyiwa hivyo mara mbili mara ya tatu anachukua gari lake.

Mwaka 2004 jiji likasema litahamishia makao makuu ya polisi pale. Wazo zuri, hela hakuna, mwaka mmoja baadaye likaachwa. Nalitaja tu kwa sababu kila gofu lina historia ya mipango ya aina hii, na kila mpango unaokufa unamwambia mwenye jengo asubiri kidogo asitengeneze paa.

Aprili 2009 baraza la jiji likapitisha azimio la kubomoa, na hela iliyotajwa ilikuwa dola milioni 3.6 kutoka fungu la serikali kuu la kuchangamsha uchumi. Mkazi mmoja akaenda mahakamani akitumia sheria ya taifa ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ya 1966. Hapa kuna jambo la kujifunza: kuwa kwenye orodha ya taifa peke yake hakumzuii mwenye jengo kulivunja kwa hela yake mwenyewe, ila hela ya serikali kuu ikiguswa, lazima upitie taratibu za kuangalia athari kwa jengo la kihistoria. Azimio halikutekelezwa. Na tuseme ukweli, kubomoa mawe, matofali milioni 8 na tani 7,000 za chuma si kazi ndogo, na jiji lenyewe lilifungua kesi ya kufilisika 2013. Sehemu ya wokovu wa jengo hili ni kwamba hakuna aliyekuwa na hela ya kuliua.

Uamuzi wa nne watu hawausemi sana. Kuanzia 2015 yule mmiliki wa pili, mfanyabiashara wa uchukuzi, ambaye kwa miaka yote alikuwa akitukanwa mjini, akaweka madirisha mapya zaidi ya 1,000. Wengi walicheka wakasema anazuga. Sijui nia yake na hainihusu, ila jengo lenye madirisha mnunuzi analitazama kwa jicho lingine, na maji ya mvua yakapungua misimu kadhaa kabla mnunuzi hajaja.

Matokeo

Mwaka 2018 kampuni ya Ford wakanunua, bei iliyoandikwa ni dola milioni 90. Jiji likawapa misamaha ya kodi inayokadiriwa dola milioni 104, na jumla ya mradi na majengo ya jirani ikafika kama dola milioni 950. Jengo likafunguliwa kwa umma Juni 2024, miaka sita ya kazi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukausha, kabla mtu hajashika brashi. Zilivutwa lita kama milioni 13 za maji kutoka chini ya jengo. Kisha vigae vya dari vikakaguliwa kimoja kimoja, na hapa ndo wengi wanashangaa: kati ya vile 29,000, vilivyohitaji kubadilishwa ni kama 1,300 tu. Mawe ya chokaa yalitakiwa yafanane na ya mwanzo, wakarudi kwenye machimbo yale yale ya Indiana, ambayo yalikuwa yamefungwa miaka kama 30, wakayafungua. Kichwa kimoja cha nguzo mtu alikichonga kwa mkono kwa zaidi ya masaa 400. Vingine viliskaniwa kwenye kompyuta vikachapishwa na mashine. Baadhi ya grafiti za kipindi cha gofu wameziacha ukutani makusudi, na mimi nakubaliana nao kabisa, ile miaka nayo ni historia ya jengo.

Vitu vilivyoibwa vikaanza kurudi. Mwaka 2018, muda mfupi baada ya Ford kutangaza, mtu asiyejitaja akapiga simu makumbusho kusema saa kubwa ya stesheni imeegemezwa kwenye jengo lililoungua mahali fulani mjini, nendeni mkaichukue, alikuwa nayo zaidi ya miaka 20 na anataka irudi. Wakaikuta. Na mwaka 2021 mafundi wakibandua plasta karibu na dari wakatoa chupa ya bia ya Stroh's iliyofichwa kichwa chini, ndani ina kikaratasi cha Julai 1913 chenye majina ya mafundi wawili waliosema wao ndo walioweka dari hilo. Kanuni ya kazi zote za namna hii iko humo: wanaobomoa wafanye polepole kuliko wanaojenga, la sivyo chupa ile ingekwenda na kifusi.

Uchambuzi

Kilichofaulu ni ujenzi wa 1913 wenyewe. Walizidisha. Kuta nene, chuma kingi, dari la vigae, jengo likakaa wazi kwa mvua na barafu miaka mingi na bado mifupa yake ikawa mizima. Kungekuwa na mbao au plasta nyepesi tungekuwa tunazungumzia kiwanja kitupu. Kwa hiyo anayekagua gofu asitishwe na sura, aulize mifupa ikoje na maji yanaingilia wapi.

Kilichofeli ni kiwanja. Kilichaguliwa kwa mahitaji ya treni, na binadamu akaunganishwa na jengo kwa uzi mmoja wa tramu ambao hata haukuwa mali ya kampuni ya reli. Hawakuwa wajinga, walitegemea mji utawafuata. Mji ukaenda kwingine, ukafuata barabara. Grand Central imechorwa na mikono ile ile, ikafunguliwa mwaka ule ule wa 1913, na iko hai mpaka leo, nayo iliponea chupuchupu kubomolewa, lakini iko katikati ya Manhattan na treni za chini ya ardhi zinapita chini yake, mtu hana namna ya kuikwepa.

Kosa la pili ni kipindi cha katikati, kati ya 1988 na 2015, ambapo kila upande ulikuwa na mpango mkubwa na hakuna aliyekuwa na mpango mdogo. Mlinzi, uzio na paa lisilovuja vingegharimu sehemu ndogo sana ya kilichokuja kulipwa. Hela ya kuziba paa haina utepe wa kukata wala picha na meya, ndo maana haipatikani.

Na kuhusu ukarabati, nina shaka moja. Umefanyika kwa sababu kampuni moja tajiri, yenye asili ya mji ule ule, iliamua. Hiyo si njia ambayo mji mwingine wenye gofu lake unaweza kuiga, na misamaha ya kodi inabaki kuwa deni kwa wakazi mpaka ghorofa za juu zijae watu wanaolipa. Pia jengo limefunguliwa likiwa halina treni ya abiria. Tuneli ya chini ya mto bado inapitisha mizigo, reli ziko pale pale nyuma, lakini anayekwenda Chicago anapandia kituo kidogo cha New Center, kaskazini ya katikati ya mji, kinachotumika tangu 1994. Mazungumzo ya kurudisha treni za abiria jirani na jengo yanaendelea. Safari hii wachoraji waanze na mtu anayetoka nyumbani kwake na begi, anafikaje hapo, na lile basi likifutwa anafikaje.